Usitoke ofisini bila karatasi: kwa wazazi na walezi wa watoto wenye ulemavu

Nakaa Moshi, na ninamlea binti wa kaka yangu. Binti huyu ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulidhurika mapema na misuli haimtii vizuri. Sasa amekuwa mkubwa, habebeki tena mgongoni. Walezi wenzangu huniuliza waanzie wapi, na haya ndiyo ninayowajibu.

Kwanza jueni kwamba hakuna ofisi moja inayomshughulikia mtoto mzima. Hospitali wanaangalia misuli, shule wanaangalia darasa, ustawi wa jamii wanaangalia hali ya kaya. Kila mmoja ana kipande chake, na anayezunguka katikati ni wewe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na ni sheria nzuri, lakini faili la mtoto halitembei lenyewe.

Kwa hiyo usitoke ofisini bila karatasi. Ukiambiwa "tumeshakuandika, njoo wiki ijayo", omba kwa heshima upewe barua yenye tarehe, jina la ofisi na muhuri. Niliwahi kurudi kwenye ofisi moja nikakuta afisa amehamishwa, na aliyepokea kiti hana habari yoyote ya mtoto wetu. Nakala yenye muhuri ndiyo iliyotuokoa. Cheti cha kuzaliwa nacho kiwe karibu, maana kitaulizwa kila mahali.

Barua ya daktari isomeni kabla hamjaondoka. Nyingi huwa na mstari mmoja tu: "mtoto ana ulemavu wa viungo". Mstari huo haumsaidii mwalimu wala afisa ustawi. Ombeni yaandikwe anayoyaweza na asiyoyaweza: kwamba anaelewa akiambiwa, kwamba hakai bila kushikiliwa kifua, kwamba chakula chake lazima kipondwe. Mwalimu mkuu aliyesoma barua ya namna hiyo ya binti yetu aliacha kuuliza kama ana akili timamu, akaanza kuuliza atakaa upande gani wa darasa.

Halafu kuna suala la umri. Kwa sera ya afya, mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Mtindio wa ubongo hauishii hapo. Mwili unakua, viungo vinakakamaa, mazoezi ndiyo kwanza yanahitajika zaidi, na ndipo mlezi anapoanza kudaiwa hela. Wengi huacha kliniki wakati huo, na inaniuma sana. Msisubiri afike umri huo. Chukueni mapema barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, mkamwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa gharama za matibabu. Msiombe kama mnaomba fadhila. Msamaha kwa wasio na uwezo umo kwenye utaratibu.

Kuhusu kiti mwendo, naomba mnisikilize vizuri. Wengi wanangoja vile vya kugawiwa kwenye hafla. Nimemwona mtoto ndani ya kiti kipana cha mtu mzima, ameteleza mpaka kiuno kiko ukingoni, shingo imejikunja, miguu inaning'inia, mama amemfunga na khanga asidondoke. Kiti cha hivyo kinamuumiza. Hapa Moshi, eneo la hospitali ya KCMC, kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, kwa hiyo ujuzi wa kumpima mtoto upo mjini kwetu. Fundi hupima upana wa nyonga, urefu wa paja, na kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Nyayo zinatakiwa zikanyage. Binti yetu alipokalishwa wima sawasawa, alikunywa uji wake bila kupaliwa. Kila jioni mwangalieni makalio. Penye ngozi iliyobadilika rangi panaweza kuwa kidonda.

Usafiri bado ni mgumu. Kiti hakina nafasi kwenye Hiace, makonda hawataki kusimama, unaishia kukodi bajaji.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mama unaweza kuingia kwenye kikundi cha wanawake, na nakushauri uingie kama una mtu wa kukushikia mtoto. Ila mkopo unarudishwa, na biashara inataka mtu atoke. Mama ambaye hawezi kumwacha mtoto hata akimbie soko la Mbuyuni kununua nyanya, ataurudishaje? Tunachokosa ni mtu wa kukaa na mtoto. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni. Ulizeni kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa wenu ina nani na nani, kisha ombeni kata itafute chumba kimoja na mlezi aliyefundishwa, ili kila mama apate walau nusu siku, mara mbili kwa wiki.