Mfuko wa mikopo nafuu kwa wakulima: maoni ya aliyewahi kukopesha vijijini

Mkuu mleta mada, umeuliza hivi: nchi maskini inayotegemea kilimo ikianzisha mfuko wa serikali wa kukopesha wakulima kwa riba ndogo, vijiji vitainuka? Na mbona mabenki yanamkwepa mkulima wakati ndiye mwenye idadi kubwa? Nimefanya kazi ya afisa mikopo vijijini kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu nikiwa upande wa aliyekuwa anashika fomu.

Wachangiaji wengi hapo juu wamekazana na riba. Mkulima mdogo niliyemkopesha mimi hakuwa na ugomvi mkubwa na riba. Kilichomuumiza ni tarehe. Taasisi niliyofanyia kazi ilikuwa na mkopo wa aina moja tu: miezi kumi, marejesho kila mwezi, kuanzia mwezi unaofuata. Mpango huo ulitengenezwa kwa ajili ya mwenye duka, anayeuza kila siku. Mwenye shamba anapanda leo na kuvuna mwezi wa sita tangu apande. Marejesho ya miezi mitano ya kwanza atayatoa wapi?

Nitawaambia alikuwa anayatoa wapi. Akinamama waliozoea mikopo yetu walikuwa wakishapokea fedha wanazigawa mafungu mawili palepale nje ya ofisi. Nusu inakwenda kwenye pembejeo, nusu inafungwa kwenye kitambaa ili ilipe marejesho hadi mavuno. Yaani kwenye karatasi amekopa kumi, shambani zimeingia tano, na riba ilikokotolewa kwenye kumi yote tangu siku ya kwanza. Sisi ofisini tulikuwa tunaandika "wateja wanalipa vizuri" na makao makuu wanafurahi. Ukimpunguzia huyu mama riba lakini ukaacha ratiba ileile, bado nusu ya mkopo wake italala kwenye kitambaa.

Sasa kwa nini riba ya kulazimishwa kuwa ndogo inaharibu? Hesabu ni ya pikipiki. Afisa akienda kijijini kutwa nzima atakagua mashamba machache, na kazi ya kukagua mkopo mdogo ni ileile ya mkopo mkubwa: fomu zilezile, mafuta yaleyale, kamati ileile. Riba ikiwekewa kikomo chini ya gharama hizo, mkopeshaji hatangazi kwamba ameacha wadogo. Anaongeza masharti tu. Leta hatimiliki, leta mdhamini mwenye mshahara, leta hesabu zilizokaguliwa. Mwisho wa foleni wanabaki wakubwa na wale wanaojuana na mwenyekiti wa kamati. Fedha nafuu huwa na ndugu wengi.

Halafu kuna siasa. Mkopo ukitoka kwenye mfuko wa serikali, mkopaji anauona kama fungu lake la kodi, na mgombea anauona kama kura. Malawi walikuwa na mpango wa mikopo ya pembejeo kwa vikundi vya wakulima wadogo ambao katika miaka ya 1980 ulikuwa unarejeshwa vizuri ajabu. Ukaja ukame wa 1992, ukafuatiwa na joto la uchaguzi wa vyama vingi wa 1994, watu wakasikia madeni yatasamehewa, na marejesho yakaporomoka mpaka mpango wenyewe ukafa. Wakulima walewale, vikundi vilevile. India nako, 2008, serikali kuu ilifuta madeni ya mamilioni ya wakulima kwa mkupuo, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Aliyekuwa amejinyima akalipa kwa wakati alibaki kujiona mjinga, na afisa mikopo yeyote atakwambia habari hiyo inasambaa kijijini kabla hujawasha pikipiki kurudi.

Mfano ninaoupenda ni wa Indonesia. Benki ya serikali, BRI, ilikuwa na vituo vidogo vijijini vilivyogawa mikopo ya ruzuku kwa wakulima wa mpunga, navyo vilikuwa vinakula hasara. Mwaka 1984 wakabadilisha: mkopo kwa riba inayofidia gharama, kisha akaunti ya akiba ambayo mtu anaweza kutoa fedha wakati wowote. Ndani ya miaka michache vituo vikawa vinapata faida, na kabla ya 1990 akiba za wanavijiji peke yake zilitosha kuendesha mikopo yote. Tena vilivuka salama msukosuko wa fedha wa 1997 na 1998 ambao uliangusha mabenki kadhaa ya mjini.

Vikundi vya kuweka na kukopa vya kina mama, vile vya kununua hisa kila wiki na kugawana mwisho wa mzunguko, navyo vimefanya kazi kubwa tangu mfumo huo ulipoanzia Niger mwaka 1991. Navikubali, ila tusivibebeshe mzigo usio wao. Mvua ikinyesha, wanachama wote wanataka mbegu wiki hiyohiyo, na sanduku ni moja. Ukame ukija, wote wanakwama pamoja. Kikundi kinamaliza shida ya ada na matibabu. Trekta na kisima vinahitaji fedha kutoka nje ya kijiji.

Kinachomfaa mkulima ambaye tayari ana mazao ni stakabadhi ghalani. Anapeleka mzigo, unapimwa uzito na unyevu, anapewa hati, na benki inamkopesha sehemu ya thamani ya mzigo huku akisubiri bei ipande. Dhamana ni magunia yenyewe, hati ya shamba haihitajiki. Lakini mfumo huu unasimama kwa mtunza ghala mmoja: mizani ikichezewa mara moja tu, msimu ujao wakulima wanarudi kwa mlanguzi, naye analipa taslimu. Mlanguzi msimtukane sana, mara nyingi ndiye pekee aliyefika na gari.

Kwa hiyo mkuu, hela ya serikali ningeipeleka kwenye vitu ambavyo mkopo hauwezi kununua: barabara ya kutoa mazao, maghala yenye ukaguzi wa kweli, maafisa ugani, usajili wa ardhi. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, wakarudia Malabo mwaka 2014, na nchi zilizofikisha kiwango hicho mwaka baada ya mwaka ni chache. Na kama mfuko ni lazima uwepo, usikopeshe mtu mmoja mmoja. Ubebe sehemu ya hasara ya wakopeshaji wanaokubali marejesho ya baada ya mavuno, sehemu tu, ili nao wawe na cha kupoteza.

Nikisoma rasimu ya mfuko wowote, naanza na ukurasa wa ratiba ya marejesho. Ikiwa imeandikwa "kila mwezi", huwa siendelei na kurasa nyingine.