Re: Vina vyangu viko sawa, mbona shairi halisomeki vizuri?

Mkuu, umesema vina (silabi za mwisho zinazofanana) umepanga lakini ukisoma kwa sauti linakwama, mi naona tatizo ni mizani, yaani idadi ya silabi kwenye mstari. Watu wengi wanahesabu herufi au maneno wakati kinachohesabiwa ni silabi, tena zile unazozisikia mdomoni, mfano "mtu" ni mizani 2 (m-tu) maana hiyo m inasimama peke yake, ila "mwana" nayo ni 2 tu, mwa-na. Hapo ndo wengi wanaangukia.

Cheki huu mstari nimeutunga sahivi: "Nimekaa ufukweni, nangoja jahazi lije". Hesabu kwa vidole, ukwapi (kipande cha kwanza) 8, utao (kipande cha pili) 8, halafu pale kwenye koma pumzi inatua yenyewe, neno halijakatwa katikati. Ukiweka "nimekaa pale ufukweni" zinakuwa 10 na sikio linashtuka hata kama kina bado ni "ni".

Na kwenye kina linganisha silabi nzima sio irabu tu, "taka" na "tata" hazina kina kimoja. Kiukweli mi napenda kuliimba kabla sijaliandika, mashairi yetu yalikuwa ya kuimbwa bana, ukiliimba utajua lilipovunjika hata kabla ya kuhesabu. Weka ubeti mmoja hapa tuupime.