Nesi unayetaka kusomea moyo, soma hii kabla hujajaza fomu

Manesi wenzangu wananiuliza sana swali hili, nimemaliza digrii ya uuguzi nataka kuspeshalaizi kwenye moyo, niombe chuo gani? Mi la chuo siligusi kwanza. Namuuliza umekaa wodini muda gani, na umeshawahi kukesha na mgonjwa wa moyo mpaka kunakucha ukiwa wewe ndo unayemwangalia? Kama bado, subiri kidogo, fanya kazi kwanza mwaka mmoja au miwili, maana hii kozi inajibu maswali na kama hujawahi kuwa na swali utaishia kukariri tu.

Mimi swali langu nililipata usiku. Nilikuwa na miaka minne wodi ya medikali, akaletwa baba mmoja jasho linamtiririka, kifua kinambana, presha 100 kwa 60, tukampiga ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikaonyesha mshtuko wa moyo upande wa chini, ST (kipande cha mchoro kinachofuata baada ya pigo) imepanda kwenye II, III na aVF, michoro inayoutazama upande huo. Ikaandikwa oda ya nitrogliserini, dawa ya kulegeza mishipa, chini ya ulimi, nikampa. Haikupita muda presha ya juu ikashuka mpaka 60 akawa haitiki hata nikimwita jina. Tukamlaza miguu juu, tukafungulia maji ya drip, akarudi taratibu, nashukuru Mungu. Lakini asubuhi nikaenda nyumbani sijui kilichotokea, na hakuna aliyekaa na mimi kunieleza.

Nimekuja kuelewa darasani, mwaka na zaidi baadaye. Mshipa wa kulia wa moyo ndo mara nyingi unalisha ule upande wa chini, na huohuo unalisha ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini kinachosukuma damu kwenda kwenye mapafu, sasa ventrikali ya kulia ikishaumia inakuwa inategemea damu inayorudi kutoka mwilini ili iweze kusukuma chochote. Nitrogliserini inalegeza vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, damu inabaki huko chini, moyo unakosa cha kusukuma na presha inaanguka. Ndo maana ukiona mshtuko wa upande wa chini unahamisha elektrodi ya V4, ile inayobandikwa kifuani kushoto, unaipeleka kulia, inaitwa V4R, unaangalia kama ST imepanda hapo kabla hujafikiria nitro. Kazi ya dakika mbili. Siku hiyo mwalimu anaendelea kufundisha mimi nimeacha kuandika, namuwaza yule baba.

Baada ya kozi nikampata mgonjwa karibu sawa na yule, nikapiga V4R mwenyewe bila kuambiwa, imepanda, nikamwambia dokta upande wa kulia umeguswa naomba tusimpe nitro. Akaangalia karatasi, akafuta oda. Hicho ndo nilichoenda kukisomea jamani, kuweza kusema kitu chenye sababu pale kitandani kabla mgonjwa hajaharibika, cheti ni karatasi tu.

Kwa hiyo ukichagua kozi usianzie kwenye jina la chuo, uliza masaa ya vitendo. Uliza nitakaa wiki ngapi CCU, ile wodi maalum ya wagonjwa mahututi wa moyo, wiki ngapi chumba cha katheta, kile wanachopitisha mrija kwenye mshipa mpaka kwenye moyo, nitaingia ICU ya waliofanyiwa upasuaji wa moyo au nitaangalia kwenye dirisha, kliniki ya wagonjwa ambao moyo umechoka ipo, na nani atasimama na mimi, jina na cheo chake. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kozi ya kwanza niliyojiunga ilikuwa slaidi tupu, miezi mitatu sijagusa mgonjwa, nikaacha na ada ikapotea. Uliza pia kama baraza la uuguzi la nchi unayotaka kufanyia kazi linaitambua, hili watu wanalikumbuka wameshamaliza.

Diploma ya uzamili au masta? Inategemea. Masta ina utafiti na utaandika sana, inafaa ukitaka kufundisha au kuongoza idara. Kama moyo wako uko kitandani kwa mgonjwa, diploma yenye vitendo vingi inatosha kabisa, usione aibu.

ECG anza leo, usisubiri kufundishwa. Karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, kiboksi kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa 0.2, PR ya kawaida, yaani muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo kufika vya chini, iko kati ya sekunde 0.12 na 0.20, QRS, yaani muda wa umeme kusambaa vyumba vya chini, isifike 0.12. Ukishashika hizo namba chukua karatasi moja kila siku uisome kwa mpangilio uleule, kasi, ritimu, P, PR, QRS, ST, T, hata kama jibu umeshaliona, kwa sababu siku umechoka ni mpangilio ndo utakaokuokoa. Na ujifunze kubandika elektrodi vizuri, wengi tunaweka V1 na V2 juu mno. Tafuta kile kinundu kwenye mfupa wa kifua, pembeni yake kuna ubavu wa pili, shuka kwa vidole mpaka nafasi ya nne kati ya mbavu, hapo ndo penyewe, V1 kulia na V2 kushoto kwa mfupa. Ukikosea hapo karatasi inaweza kukudanganya kabisa na mgonjwa akatibiwa ugonjwa ambao hana.

Kuna vitu nilivyojifunza kwenye vitendo ambavyo mpaka leo navifundisha kila nesi mpya. Mgonjwa katoka chumba cha katheta, wamepitia pajani, bandeji kavu kabisa lakini analalamika mgongo na mapigo yanapanda presha inashuka, usiridhike na hiyo bandeji, anaweza kuwa anavuja damu kwa ndani nyuma ya tumbo. Na aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, mrija wa kifuani ulikuwa unatoa damu vizuri ghafla umekauka, usishangilie, angalia kama umeziba, angalia presha na mishipa ya shingo, damu ikijikusanya kuzunguka moyo inaukaba mpaka unashindwa kujaa.

Utakutana pia na watu watakaokwambia hayo ni ya madaktari, nesi unajisumbua. Usibishane nao sana, ila ujue historia yako. Wodi maalum za moyo wazo lake liliandikwa na dokta Desmond Julian mwaka 1961, mwaka uliofuata zikafunguliwa Marekani, Kansas City kwa dokta Hughes Day na Philadelphia kwa dokta Lawrence Meltzer ambaye alifanya kazi na nesi Rose Pinneo. Waliona kwamba moyo ukianza kutetemeka mgonjwa anakufa ndani ya dakika chache, kumsubiri daktari afike ni kuchelewa, wakawafundisha manesi kusoma monita na kupiga shoti ya umeme ya kuurudisha moyo wenyewe. Yaani wodi ya moyo tangu mwanzo imesimama juu ya nesi anayejua.

Mwisho kuhusu maisha. Kusoma huku unafanya shifti za usiku ni kugumu mno, mimi nilijaribu miezi miwili nikaanza kusinzia kwenye ripoti. Ongea na in-charge wako kabla hujalipa ada, sio baada, mkubaliane siku zipi upo darasani na wiki zipi upo kwenye rotesheni, na mkishakubaliana omba iandikwe, kwa sababu in-charge anaweza kuhamishwa katikati ya mwaka na anayekuja hatajua lolote mliloongea.