Maswali Yenu: Taa ya UV ya Kinyonga, Nani Anasema Kweli?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mi ni mtu wa Nyeri ila naishi Minnesota huku Marekani na familia. Kijana wangu wa miaka 14 kanunua kinyonga dume, wale wa pembe tatu, wale wale wa kwetu ambao nyumbani ukimwona kwenye ua unazunguka njia nyingine, leo ati nalala naye nyumba moja! Haya, tuliache hilo. Amemwekea balbu ya zile za kujisokota, kaagiza mtandaoni, imeandikwa UV, kaifunga ndani ya kizimba karibu kabisa na tawi analokaa. Tangu iwekwe mnyama anafumba macho mchana kutwa na anashinda chini kwenye majani. Dukani wanamwambia anunue tyubu kali ya 12%, jirani yetu naye anasema hamna haja ya taa, tumweke dirishani apate jua. Nimsikilize nani? Maana hizi taa bei zake si mchezo. – Mama Kevo

JIBU: Mama Kevo, kabla hujasoma zaidi mwambie Kevo aizime hiyo balbu leo leo, asingoje wikendi. Aweke taa ya kawaida ya mwanga kwa siku chache, kinyonga hatakufa kwa kukosa UV wiki moja, ila macho yakiungua ni habari nyingine. Kinyonga mzima hafumbi macho mchana. Akifumba, ama anaumwa, ama kakauka kwa kiu, ama kuna kitu kinamchoma, na kwa vile kaanza ulipowaka mwanga huo mi naanza kuushuku huo. Baada ya siku mbili tatu bila balbu kama bado hafungui, mpelekeni kwa daktari anayetibu reptilia, sio yule wa mbwa na paka tu.

Sasa balbu zenyewe. Neno UV, yaani miale isiyoonekana kwa macho iliyo ya aina tatu, UVA, UVB na UVC, peke yake kwenye boksi halikuambii kitu, maana taa ya kukaushia jeli ya kucha saluni ni UV, ya kukagulia noti ni UV, ile ya kuvutia mbu ni UV, na ile ya kuua vijidudu hospitali nayo ni UV, zote hizo hazimfai. Za kucha, noti na mbu zinatoa UVA, haimtengenezei vitamini hata kidogo. Ile ya vijidudu ndo hatari kweli, ni UVC, urefu wa mawimbi yake nanomita 254 hivi, inaunguza macho na ngozi, ya kwake na ya Kevo pia. Anachohitaji kinyonga ni UVB, kipande kidogo cha kama nanomita 290 mpaka 315. Miale hiyo ikimpiga mgongoni ngozi inaanza kutengeneza vitamini D3, joto la mwili linamalizia, ini na figo zinaiweka sawa, halafu ndo kalsiamu ya kwenye chakula inaingia mwilini. Bila D3 unaweza kumnyunyizia panzi kalsiamu mpaka wawe weupe kama wametoka kwenye unga na mifupa ikalegea vilevile. Utaona mikono inapinda, taya inabonyea, anashindwa kushika tawi, ulimi haufiki kwenye mdudu.

Hizo balbu za kujisokota zina historia yake. Katikati ya miaka ya 2000 zilitoka baadhi zilizokuwa zinatoa miale mifupi mno kuliko inayotakiwa, reptilia wakawa wanavimba macho, watengenezaji wenye jina wakarekebisha. Ila hizi zisizo na jina zinazouzwa mtandaoni huwezi kujua ndani kuna nini. Na hata ikiwa nzuri bado inamulika sehemu ndogo tu, mnyama akisogea kidogo hapati kitu, akikaa pale pale anapata nyingi.

Mnunulieni tyubu ndefu, inaitwa T5 HO, hizo herufi ziwepo kwenye boksi, na holda yake yenye bati la kuakisi mwanga. Nguvu ya UVB iwe 6% kwa tyubu za kampuni ya Arcadia au 5.0 kwa ReptiSun ya kampuni ya Zoo Med, ni kama kitu kimoja. Iwe ndefu karibu sawa na upana wa kizimba. Muhimu kabisa, ikae JUU ya wavu, nje, sio ndani, kwa sababu kinyonga atapanda mpaka aiguse, na hawa viumbe wanaungua kichwani na mgongoni huku wametulia tu kama hamna kinachotokea.

Halafu umbali, na hapa ndo watu wengi wanakosea hata wakiwa na taa ya bei mbaya. Kuna kipimo cha nguvu ya UV kinaitwa UVI, hicho hicho cha utabiri wa hali ya hewa, na kwa kinyonga wa pembe tatu unataka kama 3 pale mgongoni akiwa kwenye tawi lake la kuotea jua. Kwa tyubu ya 6% iliyolala juu ya wavu wa kawaida, tawi likiwa sentimita 20 hadi 23 chini utakuwa karibu na hapo. Wavu wenyewe unakula kama theluthi ya miale, mwembamba unakula kidogo, mnene zaidi, kwa hiyo ukibadilisha kizimba pima upya. Kipimo cha uhakika ni mita inayoitwa Solarmeter 6.5, ni ghali lakini si lazima kununua, vikundi vya wafugaji wa reptilia huwa wanayo, Kevo aulize wamwazime.

Hiyo ya 12% waliyomwambia dukani muwaachie. Najua utaniambia huko Nyeri jua la saa sita linapita UVI 10, mbona tumpunje? Ni kweli, ila wa kwenu saa sita hayuko kwenye jua, asubuhi anaota, likipanda anazama ndani ya ua. Kizimba kidogo hakina pa kuzama. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa utafiti wa vinyonga wa Madagaska wakaona wale waliokuwa na D3 kidogo wanajitafutia UV zaidi, waliotosheka wanajitoa. Kwa hiyo mpe nafasi ya kuamua: upande mmoja taa, upande wa pili majani mazito ya kweli, tena mengi, asionekane kabisa akitaka.

Jirani yenu wa dirishani ana nia njema ila kioo kinazuia karibu UVB yote, mnyama atapata mwanga na joto tu. Na Desemba huko Minnesota jua liko chini sana hata nje UVB ni ya kuhesabu.

Mengine haraka haraka: taa iwake kwa muda wa masaa 12 kila siku, nunua taima, usiku giza tupu hata taa nyekundu usiweke. Tyubu ibadilishwe kila baada ya mwaka hata kama inawaka vizuri, maana macho yako yanaona mwanga ila UVB inapungua kimya kimya, andika tarehe kwenye holda kwa peni ya maki. Balbu ya joto ni tofauti na hii, pale kwenye tawi isizidi nyuzi 29 za Selsiasi, huyu ni wa milimani anapenda usiku wa baridi. Na usizidishe unga wa D3 maana taa inamtosha, kalsiamu tupu ndo ya mara kwa mara.

SWALI: Dokta, mi niko Nairobi, hawa wa pembe tatu wako kwenye ua wetu. Nikimshika mmoja nimfugie nje juani si sitahitaji hata taa? – Jose

JIBU: Taa hutahitaji, Jose, utahitaji kibali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kushika tu na kufuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na vinyonga hawa wako pia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Hawa wanaouzwa Marekani wengi wamezaliwa huko huko, wengine ni kizazi cha walioachiwa Hawaii mwaka 1972 wakazaana porini. Wewe usikate huo ua mpaka chini wala usipige dawa ya wadudu, atakaa hapo utamwona bure kila asubuhi.

SWALI: Assalam alaykum dokta. Watoto wangu hapa Muscat wana kinyonga wa Yemen kwenye tangi la kioo. Naweza kulitoa nje kwenye jua badala ya kununua taa? – Bi Zuwena

JIBU: Waalaykum salaam Bi Zuwena. Mnyama mtoe, tangi liache ndani. Kioo kwenye jua la Muscat kinamchemsha ndani ya dakika chache tu. Mnunulie kizimba cha wavu mtupu, mtoe alfajiri jua likichomoza mpaka kabla halijakaza, nusu ya kizimba iwe na kivuli, mnyunyizie maji majanini anywe, na mtu mzima awe karibu kwa sababu ya paka na kunguru. Miezi ya joto kali msimtoe kabisa, tumia tyubu ile ile ya 6% niliyomwambia Mama Kevo, tawi umbali ule ule. Na hilo tangi la kioo mwuzieni mwenye samaki.