Unaposubiri Jibu la Maombi, Jenga Nyumba

Sidhani kama kuna mstari wa Biblia unaotembea mitaani kama Yeremia 29:11. Upo kwenye kalenda za ukutani, kwenye vikombe, kwenye kadi za harusi, kwenye kioo cha nyuma cha daladala, na ikifika tarehe 1 Januari unaukuta kwenye stetasi za nusu ya watu uliowahifadhi kwenye simu. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mimi nimetumiwa mstari huu kuliko watu wengi, kwa sababu mimi na mume wangu tunamwomba Mungu mtoto, na mtoto hajaja. Wanaonitumia wana nia njema kabisa. Ila siku hizi nikiupokea huwa najibu, kwa utani kidogo: "Asante mpendwa. Na mstari wa 10 je?"

Mstari wa 10 unataja miaka 70.

Hii ni barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu na kuwapelekea Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli mwaka 597 KK pamoja na mfalme Yekonia, mafundi na wahunzi. Watu hawa walikuwa na ombi moja tu, kurudi nyumbani. Na huko Yerusalemu mtumishi mwingine, Hanania, alikuwa na jibu tamu zaidi: alisimama hekaluni mbele ya umati akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo vya hekalu, mfalme, mateka wote. Akaivunja hata ile nira ya mti Yeremia aliyokuwa ameivaa shingoni kama ishara ya kutawaliwa na Babeli, watu wakiona. Leo hii video ya tukio kama hilo ingesambaa kabla ibada haijaisha.

Sehemu ninayoipenda katika sura ya 28 ni jinsi Yeremia alivyompokea Hanania. Hakumrukia. Alisema, "Amina, BWANA na atende hivi." Naye alitaka watu warudi, wale walikuwa ndugu zake. Kisha, nira ilipovunjwa, akaenda zake. Hanania mwenyewe akafa mwaka uleule, mwezi wa 7, na miaka yake miwili ikapita bila mtu kurudi.

Mimi nimeambiwa "mwezi wa 9 hautapita." Nimeambiwa "mwakani saa kama hii," maneno ambayo Mungu alimwambia Ibrahimu kuhusu Sara, si mimi. Nilichojifunza kwa Yeremia ni kusema amina, tena kwa moyo, kwa sababu naye anayenitamkia ananitakia mema, kisha nikaenda zangu. Kwenda zangu maana yake sibadilishi chochote kwa sababu ya ile tarehe. Miadi ya daktari inabaki palepale, ada ya kozi inalipwa, dawa hazitupwi. Neno likiwa la Mungu halitakwama kwa sababu nilienda kliniki Jumanne.

Na kama neno limekuja na bei, hapo hata amina siitoi. Tulikubaliana mimi na mume wangu mapema kabisa, kabla hatujachoka, kwamba fedha ya sadaka tunaitoa mahali tunapoabudu na kwa wenye shida, na hakuna mafuta, maji wala leso tutakayoinunua ili tupate mtoto. "Sadaka ya kujimaliza," ile ya kutoa vyote ulivyonavyo, imewamaliza kweli watu ninaowafahamu. Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma, alikuja na fedha na dhahabu, nabii Elisha akakataa hata kipande. Aliyemkimbilia njiani kuchukua alikuwa Gehazi, mtumishi wa Elisha, na alichorudi nacho ni ukoma. Nakushauri mkubaliane jambo hili wakati mna akili zilizotulia, maana usiku wa mkesha, ngoma zinalia na jina lako linatajwa, si wakati wa kuanza kufikiri.

Turudi kwenye barua. Kwa watu wanaongoja kuondoka, Yeremia anaandika hivi: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, waoze, wauombee mji ule ule uliowachukua mateka, maana amani yake ndiyo itakuwa amani yao. (Ndiyo, mstari wa 6 unasema pia zaeni. Nimeuona. Siku uliposomwa ibadani mume wangu alinigusa kiwiko na tukajizuia kucheka.) Kuna mtu kule Babeli, Shemaya, aliyeudhika kiasi cha kuandika barua ya kumshtaki Yeremia kwa kuhani wa Yerusalemu, na kosa alilolitaja ni hilohilo, kwamba anawaambia watu wajenge nyumba na kupanda bustani! Namwelewa Shemaya. Ukijenga unaonekana umekata tamaa. Ukikaa na mabegi yamefungwa mlangoni unaonekana mtu wa imani.

Watu walijenga, hilo linajulikana. Vipo vibao vya udongo vyenye maandishi ya wakati ule, kutoka eneo ambalo leo ni kusini mwa Iraki, vinavyokitaja kijiji kilichoitwa Al-Yahudu. Kibao cha kwanza ni cha mwaka 572 KK. Ndani yake hamna muujiza wowote. Kuna mashamba yaliyokodishwa, madeni ya shayiri na tende, kodi, mikataba ya ndoa, na majina ya Kiyahudi ya wakopaji, wakopeshaji na mashahidi. Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipotoa ruhusa ya kurudi mwaka 538 KK, wengi walioisoma ile barua wakiwa watu wazima walikuwa wameshazikwa hukohuko Babeli. Mstari wa 11 uliandikwa kwa watu hao. Mawazo ya amani yaliwahusu wao pia, pamoja na mashamba yao na madeni yao ya tende, si wale wajukuu waliorudi tu.

Kwetu jambo hili lilikuwa la matofali kwelikweli. Tulikuwa na kiwanja Kihonda, hapa Morogoro, na kila tulipozungumzia kujenga, watu wazima wa familia waliuliza swali moja: "Mnamjengea nani?" Waliuliza kwa huruma. Kwao nyumba inasubiri mtoto kwanza, kama vile nguo ya ubatizo. Mume wangu si msemaji, lakini siku moja alimjibu baba yake mdogo, "Tunajijengea sisi, baba. Na sisi ni watu." Tukajenga kidogokidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka mwingine, bati tukakopa. Chumba cha tatu anakaa mpwa wake anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, na amejaza vitabu vya udongo na mbolea hadi kwenye korido. Tumekuwa na wanafunzi wengine kabla yake. Sisemi kwamba mpwa ni mbadala wa mtoto. Ukimwambia hivyo mtu anayesubiri unamuumiza. Nasema tu nyumba ina watu, na jioni kuna mtu anauliza tunakula nini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako unayesubiri, iwe ni mtoto, mwenzi wa maisha au ajira, ni kutafuta kile ulichokisimamisha. Kila anayesubiri ana kitu amekisimamisha. Dada anayengoja mume hanunui kitanda kizuri kwa sababu "nitanunua tukiwa wawili." Kijana aliyetuma maombi ya kazi kwenye mfumo wa ajira wa serikali hakubali kufundisha tuisheni mtaani, asije akaonekana amekubali hali. Nunua kitanda, dada. Fundisha tuisheni, kijana. Mungu hatachanganyikiwa.

La pili, hospitali. Naliandika waziwazi kwa sababu kanisani tunalinong'ona. Madaktari huhesabu ugumba pale wenzi wanapoishi pamoja bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba haijatunga, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia hali hiyo wakati fulani maishani. Kwa hiyo hujalogwa wewe peke yako, wala safu yako ya benchi kanisani haina laana. Nendeni wawili. Kipimo cha mbegu za mwanamume ni chepesi na cha bei ndogo kuliko mengi anayofanyiwa mwanamke, kama picha ya mirija ya uzazi, na hata hivyo utakuta mke amezunguka hospitali tatu wakati mume hajakanyaga hata moja. Mume wangu alikwenda bila kubembelezwa, na nadhani hicho ndicho kitu kilichotuweka pamoja kuliko semina zote za ndoa. Isaka alioa akiwa na miaka 40, akawa baba akiwa na 60. Katika miaka hiyo 20 imeandikwa kwamba ni yeye aliyemwomba BWANA kwa ajili ya mkewe. Hakumpeleka Rebeka akaombewe huku yeye amekaa kijiweni.

Kuhusu kuomba kwenyewe sina mengi. Ninaomba kila siku, na siku nyingine ombi langu lina hasira. Mwanzoni niliogopa kwamba nikilalamika naharibu imani, hadi mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, aliponiambia nisome Zaburi ya 13 kwa sauti, mlango umefungwa. "Ee BWANA, hata lini?" Daudi anauliza hivyo mara nne katika mistari miwili. Zaburi hiyo inaishia kwa wimbo. Ya 88 haiishii kwa wimbo, inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia na ni sala. Nikisikia mhubiri anasema kwamba kunung'unika kunachelewesha majibu, huwa nafungua hapo nikasoma kimoyomoyo. Pia usikubali mtu akuambie kuna dhambi iliyofichika. Luka alitangulia kusema kwamba Zakaria na Elizabeti walikuwa wenye haki mbele za Mungu, ndipo akasema hawakuwa na mtoto.

Sasa kidogo kwenu wachungaji na akina mama viongozi. Jumapili ya Siku ya Mama, mnaposema "akina mama wote wasimame wapewe maua," mnajua wanaobaki wamekaa ni akina nani? Kila mtu anawaona. Mimi Jumapili hiyo nafundisha watoto wa shule ya Jumapili, chumba cha nyuma, na wala simkimbii mtu, nawapenda watoto wale na kelele zao. Lakini wapo wadada ambao hubaki nyumbani siku hiyo na kusema wana malaria. Kinachohitajika kubadilishwa ni sentensi moja tu ya tangazo. Na kipindi cha ushuhuda, mpeni nafasi mara mojamoja mtu ambaye bado hajapokea aseme Mungu amemshikaje. Tumezoea kusikia waliofika tu, na wengine tunadhani tumepotea njia.

Na kwenu marafiki na mawifi, naomba mambo madogo tu. Mtualike kwenye ubatizo na sherehe, msituruke kwa kudhani mnatuhurumia, ila tukisema hatutaweza kufika msiulize mara mbili. Msitupakatishe kichanga kwa nguvu mkisema "shika upate bahati." Tukitaka kumbeba tutaomba wenyewe, na mara nyingi tunataka. Msiangalie tumbo kabla ya kunisalimia.

Mkitaka kutuombea, tuulizeni kwanza tuna shida gani wiki hiyo. Watu wanadhani ombi letu ni lilelile moja tu, mwaka hadi mwaka. Wiki iliyopita wifi yangu alipiga simu, akauliza, "Nikuombee nini leo?" Nilikuwa na jino limenitesa tangu Jumamosi na fundi wa bati anadai fedha yake, nikamtajia hayo mawili. Akayaombea hayo mawili, akasema amina, akakata simu.