Kutembea mwambani usiku na watoto, kwa mtu wa Mwanza

Dada uliyeuliza kama unaweza kuwapeleka watoto na tochi usiku pale kwenye mawe ya ziwa waone viumbe kama wale wa matumbawe, hapana aisee. Matumbawe hayaishi maji baridi na ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa maana, kwahiyo hakuna mwamba unaobaki wazi, halafu kiboko usiku ndo anatoka kula majani, mamba nao wapo, na kichocho bado hatujakiongelea. Wapandishe tu juu ya jiwe waangalie taa za wavuvi wa dagaa siku za giza, inatosha kabisa.

Mkienda likizo Tanga au Zanzibar ndo mfanye, ila subiri bamvua, yani mwezi mwandamo au mpevu, maji yanakupwa sana kama saa nne usiku hivi. Viatu vigumu lazima, kuna viumbe vya baharini vyenye miiba mirefu myeusi, na msikanyage matumbawe. Usiku pweza anatoka kuwinda, wangu walipiga kelele mpaka akajificha😂 Maji yakianza kurudi tu, ondokeni.