Maswali na majibu: Kagua mwili wa ng'ombe wa Ankole kwanza, pembe baadaye

Nina dume mwenye pembe ndefu kuliko wote hapa kijijini. Anafaa kupanda majike? (Kiruhura, Uganda)

Mnauliza hivi kila mara, na kila mara mnataja pembe tu. Anza na nundu. Ya ng'ombe wa Ankole, aina ya pembe ndefu ya magharibi mwa Uganda, ni ndogo, nayo hukaa shingoni, mbele ya mabega. Ikiwa kubwa na imekaa juu ya mabega, ana damu ya zebu, aina ya ng'ombe wenye nundu kubwa. Kisha atembezwe nawe umfuate nyuma: magoti ya nyuma yasigusane, kwato zisiachane. Mshike korodani. Ziwe mbili, zilingane, zisogee bila kukwama, zisiwe na uvimbe. Ikiwa moja haijashuka, mhasi, hata akiwa na pembe za ajabu, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa. Pembe ziangaliwe mwisho: mashina manene, zitoke pande zote mbili sawasawa, ndipo zipande juu.

Bihogo ndiye Ankole halisi?

Bihogo ni rangi, ile nyekundu ya kahawia iliyokolea ambayo Wahima, wafugaji wa Ankole, wanaipenda. Ankole wapo weusi, weupe na wa mabaka pia.

Mtamba wangu ana mabaka meusi na meupe. Ni chotara wa Friesian, wale ng'ombe wa maziwa wa kigeni? (Isingiro, Uganda)

Kwa rangi hutajua. Uliza baba yake ni nani. Msichoke kuambiwa: dume chotara asipande kundi la Ankole. Watoto wake hutofautiana sana, na wale wanaofanana na Ankole ndio hatari, kwa kuwa utawabakiza ukidhani ni safi. Ukihitaji maziwa, fuga machotara, lakini majike halisi na dume lao wakae zizi lao.

Mnadani nitajuaje umri wa ng'ombe jike?

Mfungue mdomo. Meno 2 ya kudumu, ana miaka 2 na kitu. Yakitimia 8, amefika 4 au 5. Duara zilizo kwenye pembe huongezeka kwa kila uzazi, lakini wauzaji huzifuta kwa msasa. Pembe laini mno hadi shinani kwa ng'ombe ambaye meno yake yamelika: mwache.

Pembe za ndama zinaelekea chini. Nizichome zinyooke?

Utamtesa, na utabadilisha pembe zake yeye tu. Watoto wake wanaweza kurithi zilezile za chini. Akiwa dume, usimwache apande. Na ukinunua dume la mbegu, tafuta kovu la moto kwenye mashina ya pembe, alama ya pembe zilizonyooshwa hivyo.